Mkono wa Sok Eng

Kila asubuhi, kabla hajaweka vigoda vyake chini, Sok Eng alifagia kipande chake cha kando ya barabara, na taka zote akazisukumia mlangoni mwa duka la dhahabu. Mfereji ulikuwa karibu zaidi, lakini hakuzipeleka huko. Maganda ya njugu, vijiti vya mishikaki, mifuko ya plastiki iliyokuwa na kahawa ya barafu, vyote alivifuata kwa ufagio mpaka kwenye kizingiti cha marumaru, akavifanya kichuguu, kisha akarudi zake. Baadaye mfanyakazi wa dukani alipofungua mlango wa chuma alikikuta kichuguu, akasonya, akakifagilia mferejini. Mambo yalikwenda hivyo mvua inyeshe, jua liwake, hata siku ya Mwaka Mpya, siku ambayo Wachina wote wa mtaa ule wa Yaowarat hawagusi ufagio kwa kuogopa kufagia bahati yao. Siku hiyo Sok Eng alifagia kwa bidii zaidi.

"Bahati yangu ilifagiwa zamani," alikuwa akisema. "Hii ninayofagia ni ya kwao."

Duka lile lilikuwa la mdogo wake wa tumbo moja, Bunkiat.

Kazi ya Sok Eng ilikuwa kuwatoa watu malaika, vile vinyweleo laini vya usoni, kwa uzi. Mteja aliketi kwenye kigoda kirefu, akainua uso, naye akampaka unga mweupe mpaka akafanana na mwigizaji wa ngonjera za hekaluni. Kisha akachukua uzi wa pamba, akausokota, ncha moja akaiuma kwa meno na uzi uliobaki akaushika kwa vidole vya mikono miwili, na uzi ukaanza kufumba na kufumbua kama mkasi. Ulikuwa na sauti yake, kama panzi kwenye majani makavu. Mteja alikunja uso, machozi yakamtoka, na alipoinuka shavu lake lilikuwa laini kama yai lililomenywa.

Kwa kuwa meno yalikuwa na kazi, Sok Eng alizungumza kwa kubana taya. Waliomjua pale barabarani tu walidhani anasikika mkali kwa sababu ya uzi. Waliomjua tangu zamani walijua kwamba uzi ulikuwa kisingizio.

Orathai, mtoto wa pekee wa Bunkiat, alikulia kwenye vigoda vile. Mama yake, Wilai, alishinda dukani akipima mikufu, na mtoto akitoka shule alikwenda kukaa kwa shangazi, akala uji wa wali na mboga ya chumvi, akafanya hesabu zake katikati ya harufu ya mafuta na moshi wa udi. Ni pale alipoyajua maisha ya shangazi yake, na hakuyajua kwa kuhadithiwa. Aliyaokota vipande vipande, kama mtu anavyojua kwamba chungu kina ufa kwa kuona maji mezani.

Baba yao alikufa Sok Eng akiwa kigori. Mchumba alikuwapo, fundi wa saa wa mtaa wa pili. Mama akasema, ngoja mdogo wako amalize shule, nani atashona vifungo vya watu tule? Akangoja. Bunkiat alipomaliza, mama akasema, ngoja afungue duka, mwanamume asiye na duka haozwi. Akangoja. Bunkiat akafungua duka, akaoa, na mama akapooza upande mmoja. Basi nani amwogeshe? Mke wa Bunkiat ni mgeni, haya ni mambo ya damu. Sok Eng akamwogesha mama yake mpaka siku ya mwisho, na fundi wa saa wakati huo alikuwa na wajukuu. Baada ya mazishi, nyumba na duka vikawa vya mtoto wa kiume, kama desturi inavyotaka. Chumba cha Sok Eng kikahitajiwa kuwa stoo. Hakufukuzwa. Hilo ndilo lililomuuma Orathai kila alipolifikiria: hakuna aliyemfukuza. Masanduku tu yalianza kuingia chumbani mwake, moja leo, moja kesho, mpaka kitanda kikakosa pa kukaa.

Sok Eng akahamia juu ya duka la vifungo, kwenye uchochoro wa Sampheng, na kesho yake akaja na vigoda vyake kuviweka mbele ya mlango wa mdogo wake. Watu walimwambia atafute mahali pengine, mji ni mkubwa.

"Niende wapi?" alisema. "Wanione."

Kulikuwa na kazi moja ambayo Sok Eng hakuifanya. Binti wa Kichina akikaribia kuolewa, siku ya mkesha huja mwanamke kumtoa malaika za usichana, na hiyo huitwa kufungua uso. Hufunguliwa mara moja tu maishani. Na si kila mkono unaofungua. Anayetakiwa ni mwanamke mwenye bahati kamili, mume yu hai, amezaa wa kiume na wa kike. Mjane hagusi. Aliyeachwa hagusi. Ambaye hakuolewa ndiye kabisa; mkono wake, wanasema, humwachia bibi harusi upweke kama masizi ya sufuria. Wasichana wa siku hizi hawajali, huja kutolewa malaika kabla ya mitihani na kabla ya kupiga picha, na watalii huja kwa kucheka tu. Hao Sok Eng aliwahudumia. Bibi harusi hakuwahi kumkalia kigodani hata mmoja. Na uso wake mwenyewe, kwa kuwa hakuolewa, uzi haukuwahi kuupita. Jua la asubuhi likimpiga ubavuni, Orathai aliziona malaika za shangazi yake mashavuni, nyingi, zimekuwa nyeupe.

Utotoni Orathai aliwahi kunyakua uzi, akainua uso wake. Sok Eng alimpiga kofi la mkono.

"Wewe acha. Wako unangoja siku yake."

Siku hiyo ilichelewa. Orathai alikuwa amesoma, akawa mwalimu katika chuo cha wauguzi, akavuka thelathini, na mama yake alikuwa ameanza kulia mbele ya wageni, ndipo alipokuja kandokando ya barabara mchana mmoja na kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Shangazi, mwezi wa kumi na mbili ninaolewa."

Sok Eng alikuwa na mteja mikononi. "Na nani?" aliuliza kupitia uzi.

"Tanet. Yule niliyekuja naye siku ile."

"Mwenye masikio kama mikono ya birika?"

"Huyo huyo."

Mteja akacheka, uzi ukamfinya. "Tulia wewe, nisikuchane," Sok Eng akamkemea.

"Afadhali ana masikio," alidakia Heng, mjane, mwenzao wa barabarani, aliyekaanga njugu kwenye mchanga mweusi hatua chache kutoka pale. "Wanaume wengi wa mtaa huu hata ya kusikilizia hawana."

"Heng, geuza njugu zako, zinaungua kama kawaida yako."

"Zikiungua wananunua watalii, Bi Eng. Wanadhani ndiyo ladha yake."

Orathai akasubiri wamalize. "Shangazi, nataka wewe ndiye unifungue uso."

Panzi akanyamaza. Uzi ulibaki umevutwa katikati ya meno na vidole, haufumbi wala haufumbuki, na mteja, ambaye alikuwa mwenyeji wa pale, akafumbua jicho moja.

"Umesoma mpaka umerukwa na akili," Sok Eng alisema mwishoni.

"Sijarukwa."

"Kawaulize wenye nyumba."

Alisema hivyo tu, akarudi kwenye shavu la mteja. Lakini jioni Heng alimnong'oneza Orathai kwamba Bi Eng alifunga kazi mapema, akaingia Sampheng, akagombana na wauza nyuzi watatu mmoja baada ya mwingine: huyu uzi wake mnene, huyu umepakwa rangi ya kuchuja, huyu anamwibia mchana kweupe. Alikuwa akitafuta uzi mwekundu. Na uzi mwekundu, katika kazi ile, hauna matumizi mengine ila uso wa bibi harusi.

Nyumbani, Wilai aliweka vijiti vyake vya kulia mezani. "Mtu ambaye hakuolewa?"

"Ndiye aliyenilea, Mama."

"Hakuna anayebisha. Kulea ni kulea. Kufungua uso ni jambo jingine. Bi Siu Chu amekwisha kubali. Ana mume, ana wana, ana mabinti, ana wajukuu. Bahati kamili."

"Mume wa Bi Siu Chu ana nyumba nyingine ng'ambo ya mto. Mtaa mzima unajua."

"Lakini yu hai," alisema Wilai.

Bunkiat alikuwa akichambua miiba ya samaki. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, kama wauza dhahabu wengi, na Orathai alikuwa amejifunza kuiogopa sauti ile kuliko kelele za mtu mwingine yeyote. "Mkono wa Dada ni mwepesi, sikatai," alisema. "Na macho ya Siu Chu siku hizi si mazuri. Tufanye hivi. Siu Chu aseme maneno ya baraka, avute uzi mara tatu. Bahati imeingia, imekwisha. Halafu Dada apitie mlango wa nyuma, amalizie."

"Mlango wa nyuma?"

"Mbele kuna wateja."

"Baba, hii ni nyumba ya mama yake."

"Ni nyumba yangu," Bunkiat alisema, akamgeuza samaki upande wa pili.

Orathai aliinuka mezani. Kilichomchoma zaidi ni kwamba baba yake hakuwa amekasirika. Aliyasema yale kama mtu anayetaja bei.

Kesho yake Wilai mwenyewe alitoka na mfuko wa machenza kwenda kumwambia wifi yake. Orathai alimfuata mbio, akachelewa. Mama yake alikuwa amekwisha simama mbele ya kigoda, na kigodani palikuwa na msichana mgeni mwenye uso mweupe pepepe, rafiki yake akimpiga picha kwa simu.

"Wifi, tumekaa, tumefikiri," Wilai alianza, akaeleza yote, mlango wa nyuma na kumalizia.

Sok Eng hakutoa uzi mdomoni. Alimaliza shavu la kulia la yule mgeni, akamgeuza, akamaliza la kushoto, akampangusa. Ndipo alipotema uzi.

"Rudia. Unga umeniingia masikioni."

Wilai akarudia, kwa sauti ndogo zaidi. "Ni kumalizia tu, Wifi."

"Nimalizie." Sok Eng alilitafuna neno hilo. "Wilai, mimi katika nyumba ile nilimaliziwa nini? Nilianza kumsomesha mumeo, nikamaliza. Nilianza kumwogesha mama, nikamaliza, tena peke yangu, nawe ukishika pua mlangoni. Siku ya kugawana nikaambiwa mimi si wa mwanzo wala wa mwisho. Leo yamepatikana mabaki ya uso, ndiyo mnanikumbuka?"

"Si mabaki, Wifi, usiseme hivyo mbele za watu—"

"Watu gani? Hawa? Hawajui hata tunagombania nini." Akamgeukia mgeni mwenye simu. "Piga, mama, piga! Huyu ni wifi yangu, anaitwa Bahati Kamili!" Mgeni, asiyeelewa neno, akatabasamu na kupiga. "Nipitie jikoni na nani? Na muuza samaki? Mwambie mumeo hivi: kama mkono wangu una nuksi kwa maneno, una nuksi kwa mashavu. Uzi haujui umepitia mlango gani."

Heng alikuwa ameacha kukaanga ili asikose hata neno. Wilai aliinama kuweka machenza chini.

"Chukua matunda yako. Hapa si kaburini pa kuwekea wafu sadaka."

Wilai alirudi ndani akilia, na Orathai akabaki pale, amesimama kati ya mlango na vigoda.

"Shangazi, mimi sikuwatuma."

"Najua. Ungewatuma ningekupiga."

"Basi nitawaambia uje kwa mlango wa mbele."

"Usiwaambie kitu." Sok Eng alikuwa akikunja uzi uliokwisha, akiukunja tena na tena ingawa ulikuwa wa kutupwa. "Muache Siu Chu aje. Nenda kwenu ukaolewe."

Bi Siu Chu alikuja mkesha wa harusi, baada ya chakula cha mchana. Alikuwa mwanamke mnene mpole, mwenye kunukia dawa ya kuchua. Walimketisha Orathai kwenye ungo mkubwa, nguo nyekundu, amegeukia upande ambao kalenda ilisema ni wa heri. Bi Siu Chu akampaka unga. Akaanza maneno ya baraka, uzi wa kwanza upate hiki, uzi wa pili upate kile, maneno ambayo husemwa ndani ya chumba kilichofungwa na huyasikia bibi harusi tu. Kutoka dirishani Orathai alisikia koleo la Heng likikwangua mchanga, na sauti ya shangazi yake ikigombana na mtu aliyeegesha pikipiki vibaya. Alijua hakuna pikipiki. Shangazi alikuwa akigombana tu.

Uzi ulipokaribia shavu lake, aliinua mkono.

"Bi Siu Chu, nisamehe. Huna kosa."

Akasimama kwenye ungo, akashuka ngazi. Alipita katikati ya duka, uso mweupe, nguo nyekundu, mbele ya wateja waliokuwa wakichagua bangili. Mwanamke mmoja alipiga yowe dogo. Akatoka kwa mlango wa mbele, akaketi kwenye kigoda kirefu.

Ilikuwa saa ile ya Yaowarat ambapo vibanda vya jioni vinaanza kupangwa, makarai yanapashwa moto, na barabara haina hata pa kutema mate. Watu wakasimama.

"Toka kwenye kigoda changu," Sok Eng alisema.

"Mimi ni mteja."

"Sina nafasi."

"Hakuna mtu hapa."

"Namngoja mtu."

"Nani?"

"Yeyote asiye wewe!"

"Basi tutamngoja pamoja," Orathai alisema, akainua uso.

Sok Eng alimkaribia mpaka pumzi zao zikagusana. Sauti yake ilishuka, na ikawa ya hasira zaidi kwa kushuka. "Unadhani nakataa kwa ajili ya baba yako? Baba yako simwogopi, nilimfunga nepi. Nakataa kwa sababu sitaki kukuachia hiki."

"Kitu gani?"

"Hiki." Alijigusa kifua, akagusa kigoda, akaonyesha barabara. "Hiki chote. Kama ni kweli kinaambukiza, je?"

Orathai hakuwa amelitarajia hilo. Siku zote alidhani shangazi yake anaichukia desturi ile. Kumbe aliiamini, aliiamini kuliko wote, na ndiyo maana ilimkaba. Naye akaona hasira inampanda upya, safari hii hajui amkasirikie nani.

"Nimekaa karibu nawe tangu nina meno ya utoto," alisema. "Kingekuwa kinaambukiza kingenipata zamani. Nifungue uso, Shangazi. Ni wewe au hakuna mtu. Nitakwenda kwa watu na malaika zangu, na nitamwambia kila mtu ni kwa sababu gani."

Mlango wa kioo ukafunguka. Bunkiat alisimama kwenye kizingiti. Tangu mazishi ya mama yao hakuwa amemsemesha dada yake.

"Dada," alisema kwa ile sauti ya chini, "usimguse mwanangu."

Sok Eng akageuka polepole. "Bunkiat. Ulipougua surua, ukatoka vipele mpaka ndani ya mdomo, mama aliogopa hata kukupa maji. Nani alikugusa?"

Bunkiat akatazama kizingiti.

"Nakuuliza mbele ya wateja wako. Nani alikugusa?"

Bunkiat akashika mpini wa mlango. Hapo Orathai alimwona shangazi yake akikata shauri, kama mtu anavyokata nyama. Sok Eng akaingiza mkono kwenye mfuko wa kiunoni. Uzi mwekundu ulikuwamo, bado umefungwa kwenye karatasi yake. Akaufungua, akausokota, akauma ncha.

Hakusema neno la baraka, kwa kuwa hakulijua hata moja. Nani angemwambia? Alifanya kazi kimya, kwa nguvu kuliko kawaida, na hasira yake yote ilipita kwenye uzi. Juu ya mdomo ndiko kunakouma zaidi, na alipofika hapo Orathai alilia wazi, michirizi ikachora unga.

Heng hakuvumilia ukimya ule. "Uzae watoto wengi kama njugu!" alipaza sauti akiinua koleo. "Na wasiungue!"

Watu wakaangua kicheko, hata muuza supu ya matumbo. Sok Eng, uzi menoni, akalipiga teke karai la Heng bila kugeuka.

Bunkiat alirudi ndani, akashusha mlango wa chuma mchana kweupe.

Kwenye meza za harusi Sok Eng hakuwapo. Baada ya kuwapa wazee chai kwa kupiga magoti, Orathai alitoka na kikombe mkononi mpaka kwenye vigoda vya shangazi, akapiga magoti kwenye lami, ncha za gauni zikiloa maji ya barafu. Sok Eng alikipokea.

"Imepoa," alisema, akainywa yote.

Ndoa ile haikudumu. Tanet alikuwa na mwanamke mwingine Chiang Mai, na mtoto, na Orathai aligundua kama wanawake wengi wanavyogundua, kwa simu iliyopigwa saa isiyo yake. Alirudi nyumbani na sanduku. Mama yake alimfungulia mlango, akamtazama, akasema, "Tulikwambia."

Hakusema Tanet. Hakuna aliyesema Tanet. Mtaani, kwenye foleni ya kuchoma udi hekaluni, kwa wauza viota vya ndege vya supu, habari ilikuwa moja tu: mkono wa Sok Eng. Mama mmoja alimvuta binti yake kutoka kigodani, uso umekwisha pakwa unga, akaenda naye hivyo hivyo mpaka kituo cha basi. Orathai alisikia mama yake akiwasimulia wageni, akipunguza sauti penye jina, kama watu wanavyotaja ugonjwa. Mwanamume aliyewadanganya watu wawili alitoka katika kisa kile msafi kama aliyeoga. Aliyechafuka ni mwanamke aliyevuta uzi.

Kisha Heng akampigia Orathai simu kazini. Heng, ambaye hakupenda kutumia salio lake kwa mtu.

"Njoo umwone shangazi yako. Vigoda anaweka, anakaa. Mteja akija anamwambia uzi umekwisha."

"Umekwisha kweli?"

"Mwanangu, Sampheng yote iko nyuma yake."

Alikuja siku hiyo hiyo, na sare yake ya kazi. Sok Eng alikuwa ameketi, mikono imekaa mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

"Wanasema hufanyi kazi."

"Uzi umekwisha."

"Usinifanye mtalii, Shangazi."

"Nilikuambia." Sok Eng hakumtazama. "Nilikuambia hapa hapa, ukaleta kiburi chako cha chuo. Nilikuambia kinaambukiza."

Hapo Orathai akawaka. Hakuwa amempigia Tanet kelele, wala mama yake, wala baba yake. Alikuwa amemeza yote akisahihisha mitihani ya watu. Sasa yalitoka, na watu wa vibandani wakageuka.

"Mtoto wa Tanet anakwenda shule! Anasoma, anaandika jina lake! Piga hesabu, Shangazi. Siku ulipouma ule uzi alikuwa tayari ana meno. Basi mkono wako uliruka mpaka Chiang Mai, ukarudi nyuma miaka, ukamvua mtu nguo? Una mkono wa namna gani wewe? Mungu wa ngurumo?"

Heng alijifanya anatafuta kitu chini ya karai.

"Wao wanasema ni wewe kwa sababu ukiwa wewe, basi si wao waliomchagua," Orathai aliendelea, sauti imemkatika. "Baba alimpa mkono, Mama alimhesabia ukoo. Na wewe unawasaidia! Umekaa hapa mbele yao kila siku wakuone, na leo wamesema neno moja la kipumbavu, umeliamini, umewapa na mikono yako. Wamechukua nyumba, sasa unawaambia chukueni na uzi. Kwa nini usiwafagilie na ukumbi?"

Sok Eng akaitazama mikono yake mapajani. Orathai akaogopa kwamba amemvunja. Lakini kilichotoka kilikuwa tusi la Kichiuchiu, lugha ya wazee wao, refu, la zamani, linalotaja mababu wa Tanet kizazi baada ya kizazi na walichokula. Heng akaguna kwa heshima.

"Nitoe malaika," Orathai alisema.

"Mwanamke hafunguliwi uso mara mbili."

"Sikusema unifungue. Nimesema unitoe malaika, kama mteja. Nimekaa vibaya tangu nirudi, nafanana na kiazi."

"Unafanana nacho kweli."

Akainama chini ya kigoda, akatoa kopo la unga. Uzi alikuwa nao kiunoni, mweupe, mpya. Alimpaka, akauma ncha, na panzi akaanza tena. Orathai alifumba macho. Aliumia juu ya mdomo kama siku ile, akalia kama siku ile, na safari hii hakuna aliyecheka. Alipofumbua jicho alimwona mama yake nyuma ya kioo cha duka, amesimama na mkufu mkononi, anatazama. Sok Eng naye alimwona. Akaendelea na kazi, bila haraka, akimgeuzageuza Orathai ili aliye ndani aone vizuri pande zote mbili.

Wiki hiyo hiyo Sok Eng alishikwa na homa ya mapafu, akafa chumbani kwake juu ya duka la vifungo, Orathai akiwa mkoani kusimamia mitihani. Kwa hiyo maneno ya shangazi mchana ule, pale kigodani, ndiyo ya mwisho Orathai kuyasikia. Alikuwa amempangusa uso kwa kitambaa kibichi, kwa nguvu, kama mtu anayefuta meza, akamshika kidevu na kukigeuza kwenye mwanga, huku wasichana wawili wa chuo wakiwa wamesimama pembeni wanaulizana nani aanze.

"Ukipata mwingine," alisema, "usimpeleke kwa baba yako. Mlete hapa mchana, nimkague uso mimi kwanza. Haya, toka kwenye kigoda, kuna watu wanangoja."